Ukikuta chungu cha Rookwood, kigeuze kwanza

Jamani, kila wiki natumiwa picha za vyungu vya maua niambie ni vya zamani kweli au la, na karibu wote wanapiga upande wenye ua zuri. Mi nataka kitako! Ua linachorwa na yeyote mwenye mkono mwepesi, kitako ndo kina habari.

Kiwanda cha vyungu cha Rookwood kilianzishwa 1880 kule Cincinnati, Ohio, Marekani, na mama mmoja anaitwa Maria Longworth Nichols, na raha ya hawa watu ni kwamba waliandika karibu kila kitu huko chini. 1886 wakaanza kugonga herufi R na P zimepeana mgongo, 1887 wakaongeza mwali mmoja wa moto juu yake, mwaka uliofuata miwili, wakaenda hivohivo mpaka 1900 ikafika miali 14 imezizunguka herufi zote. Kwa hiyo we hesabu tu, ukipata saba hiyo ni 1893. Kuanzia 1901 miali ikabaki 14, mwaka ukawa unaandikwa chini yake kwa namba za Kirumi, I ni 1901, XXI ni 1921.

Pembeni kuna namba ya umbo na herufi ya saizi, A ndo kubwa. Halafu tafuta vifupi vya jina la mchoraji, vimekwaruzwa kwa mkono, maana hapo ndo bei inaporuka. Kataro Shirayamadani, Mjapani aliyeingia pale 1887, yeye alisaini kwa maandishi ya kwao, wima. Kisipokuwa na saini ya mchoraji sio feki, kuna vingi tu vilimwagwa kwenye kalibu bila kupitia kwa mchoraji, ila usilipe bei ya kilichochorwa.

Sasa kuna X. Hii ilinila hela zangu mwanzoni kabisa, niliona X kubwa kitakoni nikasema aah, kumi, 1910 hiyo, nikalipa haraka kabla mwenye mali hajashtuka. Kufika nyumbani nawasha tochi naona ile X haikugongwa kwenye udongo mbichi, imesagwa kwa jiwe baada ya kuchomwa, imekata glezi yote, ile ngozi ya juu inayong'aa kama kioo. Maana yake kiwandani wenyewe walikiona kina kasoro wakakishusha daraja. Mwaka wenyewe ulikuwa umejificha chini ya miali, XXVIII.

Roseville, kiwanda kingine cha vyungu cha Kimarekani, ni kesi nyingine, zile feki zilizomwagika kutoka China miaka ya 1990 nyingi hazina neno U.S.A. kitakoni au linaonekana kwa mbali sana, ila kuna Roseville halali za zamani zilibandikwa karatasi tu na karatasi ikadondoka, kwa hiyo hapo angalia umbo na rangi. Na vinyufa vidogodogo vya kwenye glezi visikudanganye, hata feki wanavitengeneza.

Kile cha X bado ninacho, kipo jikoni, naweka miiko.