Ateri na vena: mwelekeo wa damu, si usafi wake

Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, na vena ni mshipa unaoirudisha. Maana yenyewe inaishia hapo. Hata hivyo, karibu kila anayeulizwa tofauti hiyo hujibu kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu, jibu ambalo huporomoka mara tu linapofika kwenye mapafu.

Mshipa unaotoka upande wa kulia wa moyo kwenda mapafuni ni ateri, nao hubeba damu iliyopungukiwa na oksijeni. Mishipa inayotoka mapafuni na kuingia upande wa kushoto wa moyo, ambayo kwa kawaida ni minne, ni vena, ilhali damu iliyomo ndiyo kwanza imejazwa oksijeni. Kwa mtoto aliye tumboni mambo huwa vivyo hivyo: ateri mbili za kitovu hupeleka damu kwenye kondo la nyuma, na vena moja humrudishia damu yenye oksijeni na virutubisho.

Hata hiyo inayoitwa chafu inasingiziwa. Mwili ukiwa umepumzika, damu inayorejea moyoni bado ina takribani robo tatu ya oksijeni iliyoondoka nayo, na rangi yake ni nyekundu iliyokolea. Ubuluu tunaouona mkononi unatokana na jinsi mwanga unavyopita kwenye ngozi, na ule wa vitabuni ni wino tu.

Kuta za mishipa hii hutofautiana kwa sababu ya shinikizo. Ateri hupokea msukumo wa moyo moja kwa moja, ndiyo maana kuta zake ni nene na zenye kunyumbuka, na kipimo cha 120 kwa 80 ni cha shinikizo lililomo ndani yake. Katika vena shinikizo ni dogo, kuta ni nyembamba, na zile za miguuni na mikononi zina vali zinazozuia damu kurudi nyuma.

Anayependa kanuni ya oksijeni anaweza kubaki nayo, mradi akumbuke kuigeuza kwenye mapafu na kitovu. Kanuni ya mwelekeo haihitaji kugeuzwa: hata vena inayokusanya damu ya utumbo na kuipitisha kwanza kwenye ini bado iko njiani kurudi moyoni.