Mashine ya korona ililetwa Tanga, kamba ikasokotwa Uingereza

Kila mwaka wanafunzi wangu wa historia ya uchumi huniuliza swali lile lile: mkoloni alituletea viwanda au hakutuletea? Mimi huwapeleka kwenye mkonge.

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye shamba la mkonge huko Korogwe, nilishangazwa na kelele. Nilitarajia shamba, nikakuta mtambo. Korona, ndivyo wenyewe wanavyoiita mashine ya kuchakata majani, ilikuwa inanguruma tangu asubuhi. Majani yanapangwa kwenye mkanda, yanaingia kwenye ngoma yenye visu butu inayoyaponda huku maji yakimwagika mfululizo, na upande wa pili zinatoka nyuzi nyeupe zinazochuruzika maji. Watu wanazipokea, wanakwenda kuzianika kwenye nyaya. Pembeni unapita mfereji wa uji wa kijani, harufu yake inaganda kwenye nguo mpaka jioni.

Uji ule ndio unaoeleza kila kitu. Katika kilo 100 za majani unapata kilo 4 hivi za nyuzi. Zilizobaki ni maji na makapi. Tena jani likishakatwa halingoji, sharti lichakatwe mapema. Hakuna mfanyabiashara wa Hamburg wala London ambaye angelipia meli imbebee maji. Ndiyo maana, tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, mitambo mizito ililetwa huku huku mashambani: injini, mabomba, vijireli vya troli, na reli kubwa ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Kwa pamba mambo yalikuwa yale yale. Jineri, kiwanda cha kutenganisha pamba na mbegu, ilijengwa karibu na mkulima kwa sababu mbegu ina uzito kuliko pamba yenyewe.

Kwa hiyo mashine zilifuata uzito wa mzigo. Nyuzi zikishakauka, zikapigwa brashi na kufungwa robota, mzigo ulikuwa mwepesi wa kusafiri, na hapo kazi ya huku ilikoma.

Miaka ya 1930 walitokea watu waliojaribu kwenda hatua moja mbele. Kampuni ya Tanganyika Cordage ilisokota kamba Tanga na kuipeleka Uingereza kuuzwa. Wenye viwanda vya kamba kule wakaja juu: nyuzi za Tanga walizitaka sana, kamba ya Tanga hawakutaka kuisikia. Wizara ya Makoloni ikawasikiliza wao. Mashinikizo na mazungumzo yakaendelea kwa miaka, na kabla ya Vita Kuu ya Pili kiwanda kikawa kimefungwa.

Kisa hiki kinaniuma kila ninapokifundisha, kwa sababu bado nasikia watu wazima wakisema tulichelewa kwa kukosa mtaji na malighafi. Mtaji ulikuwepo. Malighafi ilikuwa inalala stoo. Kamba ilikuwa inauzika, na kuuzika kwake ndiko kulikoiponza. Serikali ya kuitetea ndiyo iliyokosekana.

Na soko la ndani je? Wakata mkonge wengi walikuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotoka Kigoma, Njombe, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30 za kazi. Siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa, hivyo kipande kimoja kingeweza kula mwezi na zaidi. Ujira wenyewe ulikuwa mdogo, na kodi ya kichwa ilikuwa inausubiri. Mtu huyo angenunua nini kilichotengenezwa Dar es Salaam au Tanga hata kiwanda kikajengwa kwa ajili yake?

Baada ya uhuru tulijenga viwanda vya kusokota. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho hatujakifikia tena. Lakini ni miaka hiyo hiyo kamba za plastiki zilipoanza kuingia kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani, bei ya mkonge ikaporomoka. Kijana aliyejifunza kusokota Tanga miaka ya 1930, kama kiwanda chake kingeachwa kiendelee, soko lingemgeuka akiwa fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini.