Usihesabu noti, hesabu mafungu

Mwanafunzi wa gitaa akinijia na malalamiko kwamba vidole vyake ni vizito, kwanza namwomba anipigie skeli ya G, yaani noti zinazopanda kwa mfuatano kuanzia G, kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza, noti tatu kila uzi. Mara nyingi vidole havina tatizo. Kinachokwama ni kichwa: anataka kutoa amri kwa kila noti, zote 18, na akifika katikati amri zinagongana.

Tufanye hesabu. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa kwenye mapigo 120 kwa dakika, ukaweka noti sita katika kila pigo, unapiga noti 12 kwa sekunde. Nafasi kati ya noti na noti haifiki hata sekunde 0.1. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, alitoa mfano wa vidole vya wanamuziki kueleza jambo hilihili: kwa kasi hiyo kidole hakiwezi kungoja taarifa za kilichotangulia. Mpango lazima uwe tayari kabla ya noti ya kwanza.

Ndiyo maana nafundisha mafungu, kama nyanya sokoni. Katika skeli ile ya G, uzi wa sita na wa tano zote ni freti (vile vyumba vya shingo ya gitaa) 3, 5, 7. Wa nne na wa tatu ni 4, 5, 7. Wa pili na wa kwanza ni 5, 7, 8. Umeona? Mafungu matatu ya noti sita, kila fungu na umbo lake la vidole linalorudiwa mara mbili. Tena, kwa kuwa sita ni namba shufwa, ukipiga piki, kile kibapa cha kupigia nyuzi, kwa kushuka na kupanda bila kuvunja mpangilio, kila fungu linaanza piki ikishuka, na mkazo unajiweka wenyewe. Ukigawa tatutatu, uzi mmoja unaanza piki ikishuka, unaofuata ikipanda. Polepole haina shida. Kwa kasi, mkono wa kulia unapoteza alama yake.

Wapiga solo wa sebene wanalijua hili mikononi; muziki wao umejengwa kwa vipande vifupi vinavyojirudia.

Wengi wanakosea kwenye noti ya saba. Wanafanya mazoezi ya sita, wanasimama, halafu wanashangaa kwa nini mafungu hayaungani. Noti ya saba ndiyo mahali pa kutua, na hapohapo mkono wa kushoto unahama freti moja. Basi piga sita kwa kasi yako yote, tua kwenye ya saba, iache ilie. Nyamaza mpaka ulisikie fungu linalofuata kichwani, ndipo uliguse.

Mwishoni namtaka mwanafunzi apige noti zote 18 huku akitamka tatu tu kwa sauti, zile zinazoanza kila fungu: G, F#, E. Ulimi ukianza kutaja nyingine, tunarudi mapigo 70.