Muziki wa Afghanistan si wa Kiarabu

Kila ninapopokea wanafunzi wapya wa muziki na ngoma za Afghanistan, huulizwa swali lilelile: "Mwalimu, kwani huu si muziki wa Kiarabu?" Kwa masikio yaliyolelewa na taarab, kosa hilo linaeleweka, lakini kulisikia kutoka kwa wapiga ala waliobobea kunachosha. Nyimbo za Waafghani huimbwa zaidi kwa Kidari na Kipashto. Muziki wa mjini Kabul, kwa upande wake, ulijengwa kwa kiasi kikubwa na mafundi ambao Amir Sher Ali Khan, mtawala wa Afghanistan, aliwaleta kutoka India katika miaka ya 1860 na ambao kizazi chao kiliishi katika mtaa wa Kharabat. Ndiyo maana umesimama juu ya raga, yaani mifumo ya sauti ya Kihindi, na tabla, jozi ya ngoma za mkono za huko, si juu ya maqamu, yaani mifumo ya sauti ya Kiarabu, na udi. Anayebisha na aisikilize hamoniamu, kile kinanda cha mvukuto kinachomsindikiza mwimbaji: vibao vyake havina robo toni, yaani sauti ndogo zilizo kati ya nusu toni mbili, na bila robo toni huwezi kupiga maqamu kama rast wala bayati ipasavyo.

Ninawasihi wanafunzi waanze na rubabu, ala ya nyuzi ya Waafghani, wala sichoki kurudia. Ala hiyo huchongwa kutoka kwenye gogo la mforsadi, tumbo lake likafunikwa ngozi, na chini ya nyuzi kuu tatu hupita nyuzi nyembamba ambazo huitikia zenyewe mpigaji anapogusa zile za juu. Udi hauna nyuzi za namna hiyo. Sarod, ala ya nyuzi ya India ambayo asili yake ni rubabu, inazo.

Wapo pia wanaotarajia kwamba ngoma za Waafghani ni za kukatika viuno. Sivyo: atani, ngoma yao mashuhuri, huchezwa kwa duara, ikiongozwa na dholi, ngoma ya kupigwa pande mbili, na surnai, jamaa wa zumari ya pwani yetu. Huanza polepole, mara nyingi kwa mapigo saba, kisha huongeza kasi huku wachezaji wakigeuka kwa pamoja. Wala si ngoma ya vita ya wanaume pekee: huchezwa arusini na wakati wa Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, na wanawake nao huicheza.

Kuhusu dai kwamba dini imewanyima Waafghani muziki, nitasema machache. Taliban waliupiga marufuku kati ya 1996 na 2001, na wanaubana tena tangu 2021, ilhali Wasufi wa tarika ya Chishti mjini Kabul wamekuwa wakimtaja Mungu kwa rubabu na tabla kwa vizazi vingi. Aliyeyajua hayo hawezi kuuita uamuzi wa watawala tabia ya watu.