Mnara unauona, mtandao huupati: kwa nini tunaomba nukta ya mlangoni

Lalamiko kubwa tunalolisikia Pemba ni hili: ramani inasema mtandao upo, sisi hatuupati. Wanaolalamika wana haki. Pemba ni vilima na mabonde. Mwenye nyumba juu ya kilima anaangalia video, na jirani yake bondeni, umbali wa kuita akaitikiwa, mwanawe anapanda mpaka kwenye mikarafuu ili apakue kazi ya skuli. Shehia nzima ikipakwa rangi moja kwenye ramani, wote wawili huhesabiwa wamefikiwa. Ndiyo maana tunaomba nukta ya mlangoni: namba mbili za GPS, latitudo na longitudo, zinazoonyesha nyumba ilipo hasa.

Marekani waliwahi kuhesabu hivyo. Nyumba moja ikiweza kupata huduma, kipande kizima cha sensa, yaani eneo dogo la kuhesabia watu, kilihesabika kina huduma. Sheria ya mwaka 2020 ikataka ramani ya jengo kwa jengo, ikatoka Novemba 2022, na mwananchi anaweza kuipinga kwa anwani yake. Kampuni inayowasilisha taarifa zisizo sahihi kwa makusudi au kwa kutojali inavunja sheria.

Sisi mapaa tunayaona. Mradi wa droni ulioanza 2016 uliipiga picha Unguja na Pemba. Hatujui tu ni chini ya paa lipi mtandao unafika.

Kwa hiyo simama nje, mbele ya mlango, uwashe GPS, usubiri duara linaloonyesha ulipo kwenye ramani ya simu lisinyae. Andika kila namba kwa desimali tano. Ukiandika mbili, nukta inaweza kuhama mamia ya mita, na kwa Pemba hicho ni kilima kingine kabisa. Alama ya kutoa kwenye namba ya kwanza, latitudo, usiiache, maana tuko kusini ya Ikweta: nyumba ya Wete ikiandikwa 5.06 badala ya -5.06 inaangukia Ethiopia. "Karibu na msikiti" si nukta.

Nukta haisomi ujumbe wako wala haijui unazungumza na nani. Tumeshalisema hili mara nyingi, na bado milango inafungwa. Hata hivyo ni taarifa ya nyumba yako: anayeiomba akuonyeshe kitambulisho, na usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp.

Na wanaosema "sina mtandao, nitapimaje?", GPS inapokea kutoka kwenye satelaiti, haihitaji bando. Ziandike namba zako kwenye karatasi, umpelekee sheha. Nyumba yako ndiyo tunayoitafuta.