Filta ya petroli kwenye Toyota Pickup ya 22R-E: pitia upande wa tairi, si juu

Injini ya 22R-E, silinda nne, lita 2.4, ndiyo iliyofungwa kwenye pickup nyingi ndogo za Toyota zilizouzwa Marekani hadi 1995. Kwetu gari hilo ni Hilux. Kule liliuzwa kwa jina la Pickup tu. Ni injini rafiki kwa fundi. Plagi, distributa na alternata zote unazifikia ukiwa umesimama. Filta ya petroli ndiyo inayotesa. Imefungwa ubavuni mwa bloku, chini kabisa ya manifoldi ya hewa, jirani na filta ya oili na stata. Ukifungua boneti utaona mabomba ya hewa na waya tu, na ukipenyeza mkono kutoka juu utaigusa lakini hutaweza kuzungusha spana.

Wengi huharibu kazi hapo. Wanang'ang'ania kutoka juu, spana inashika nusu ya nati, nati inaviringika, na filta ya bei ndogo inazaa kazi ya kutengeneza paipu nzima ya chuma. Njia sahihi ni kupitia uwazi wa tairi la mbele la kulia. Ukitoa tairi utakuta pazia la mpira linalozuia matope yasirukie injini. Livue, na filta itakuwa mbele ya macho yako, si zaidi ya urefu wa mkono. Kama gari ni la usukani wa kulia, tairi ni hilohilo la kulia, maana injini haigeuzwi. Tofauti ni kwamba utafanya kazi jirani na shafti ya usukani.

Kabla ya kununua filta, hakikisha ndiyo yenye kosa. Filta iliyoziba haisumbui gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa, kwa sababu wakati huo injini inakunywa kidogo sana na petroli nyingi inarudishwa kwenye tanki. Kosa linajitokeza kwenye mlima au ukiwa na mzigo: unakanyaga, gari linavuta kidogo, kisha linakata pumzi. Ukiachia mguu linarudiwa na nguvu. Lakini pampu iliyochoka hutoa dalili zilezile, na hata filta ya hewa iliyojaa vumbi inaweza kukudanganya. Anza na filta ya hewa, inatoka kwa dakika mbili. Ukiwa na geji ya presha, mfumo huu unapaswa kuonyesha takriban psi 40 paipu ya vakyumu ikiwa imechomolewa kwenye regulata ya presha ya petroli.

Vitu vya kuandaa ni vichache ila kimoja hakina mbadala: spana ya nati za paipu, ile ya nyota iliyokatwa mdomo mdogo ili ipite kwenye paipu, kama ile ya kufungulia paipu za breki. Saizi yake hapa ni 14. Spana ya mdomo wazi hushika kona mbili tu za nati, na nati ya miaka thelathini haivumilii hilo. Ongeza spana 17 na 19, sokete 12 yenye ekstensheni ndefu, jeki, stendi imara, miwani, glavu zisizopitisha petroli, bakuli pana, matambara na mtungi wa kuzimia moto. Filta zisizo za Toyota hutofautiana saizi za vichwa, kwa hiyo jaribisha spana kwenye filta mpya ukiwa bado mezani. Hakikisha pia boksi lina wosha mbili mpya za shaba. Kama hazimo, zinunue kabla hujaanza.

Fanya kazi injini ikiwa imepoa, nje au mahali penye hewa, na tanki likiwa chini ya nusu. Siku moja kabla, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye nati ya chini ya filta, rudia jioni, na uyaache yafanye kazi usiku kucha. Asubuhi punguza presha: chomoa plagi ya waya wa pampu kule kwenye tanki, washa injini, iache izime yenyewe kwa kukosa petroli. Zima swichi, toa kebo ya hasi ya betri, fungua mfuniko wa tanki ili hewa iliyobanwa itoke.

Hiyo kebo ya hasi usiiruke hata kama una haraka. Stata iko palepale, na nati ya waya wake mnene ina umeme wa betri muda wote, swichi iwe imezimwa au la. Petroli itadondoka, hilo halikwepeki. Spana ikigusa nati hiyo na bodi kwa pamoja, utapata cheche katikati ya mvuke wa petroli huku kichwa chako kikiwa ndani ya uwazi wa tairi. Funika stata kwa tambara nene pia, petroli isiingie ndani yake.

Kaza breki ya mkono, weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, legeza nati za tairi kwa spana 21, inua, weka stendi chini ya chasisi, kisha toa tairi na pazia.

Filta ina maungio mawili. Juu kuna bolti ya banjo, yaani bolti yenye tundu katikati inayopitisha petroli kwenye pete ya paipu, ikiwa na wosha ya shaba kila upande wa pete. Chini kuna nati inayoshika paipu ya chuma. Anza na ya juu. Zungushia tambara, legeza robo mzunguko tu, subiri. Utasikia mlio mdogo na tambara litalowa; hiyo ni presha iliyobaki. Ikitulia, endelea.

Nati ya chini ndiyo yenye hatari zaidi. Shika kichwa cha filta kwa spana moja na nati kwa nyingine, uzibane pamoja kama unakamua, ili nguvu yote iishie kati ya spana hizo mbili. Ukigeuza nati bila kushikilia filta, breketi inapinda na paipu inajinyonga. Nati inapoanza kutembea, tazama paipu yenyewe. Ikizunguka pamoja na nati, simama hapohapo: kutu imezishikanisha. Rudisha kidogo, ongeza mafuta, nenda mbele na nyuma kidogokidogo mpaka nati izunguke peke yake. Hapa uvumilivu ni nusu saa; paipu ikikatika ni siku nzima. Na usifikirie kutumia gesi kupasha nati hii moto. Hakuna namna salama ya kufanya hivyo kwenye mstari wa petroli.

Nati ikiachia, bakuli liwe tayari na glavu ziwe juu ya kiwiko, kwa sababu petroli hufuata mkono hadi kwapani na inaunguza ngozi. Ziba paipu kwa kofia safi ya mpira. Kisha fungua bolti za breketi na utoe filta.

Usiitupe bado. Imwage kwa kupitia upande wa kuingilia, juu ya kitambaa cheupe, maana uchafu ulionaswa uko upande huo. Vumbi jekundu la kutu linamaanisha tanki linaliwa na kutu ndani, na filta mpya itaziba vilevile usipolisafisha. Vipande vyeusi laini ni mpira wa hosi unaooza. Kagua hosi zote kutoka kwenye tanki. Petroli ya kahawia isiyo na chembe ni uzee wa kawaida.

Kwenye kurudisha, kosa moja hujirudia sana: wosha ya zamani hubaki imeganda kwenye pete ya banjo au kwenye uso wa filta. Rangi yake inafanana na uchafu, kwa hiyo fundi anaweka mpya juu yake na mahali panavuja hata akaze vipi. Pitisha kucha, hesabu ulizotoa. Lazima ziwe mbili. Za zamani usizirudishe. Shaba ikishabonyezwa inakuwa ngumu na haikai tena vizuri kwenye uso mpya.

Mwelekeo wa filta hautakuchanganya kwani ncha zake hazifanani. Usifunge breketi kwanza. Shika filta kwa mkono, ingiza nati ya chini kwa vidole vitupu, angalau mizunguko mitatu bila kugoma. Ikigoma mapema, uzi umepishana. Toa uanze upya, usisaidie kwa spana. Ingiza banjo kwa vidole pia, halafu bolti za breketi, na mwisho ukaze vyote. Banjo inahitaji karibu nyutonimita 30, ambazo kwa spana fupi ni kukaza kwa mkono mmoja bila kujikunja. Ukizidisha, bolti hiyo yenye tundu hukatika. Ya chini kaza kwa spana mbili kama ulivyofungua.

Rudisha plagi ya pampu, mfuniko wa tanki na betri, lakini tairi usilirudishe bado. Usijaribu kwa kupiga stata, kwani kama kuna mvujo utakuwa unazungusha mota yenye cheche jirani na petroli. Chini ya boneti kuna kisanduku cha ukaguzi. Unganisha +B na Fp kwa kipande cha waya kisha weka swichi ON bila kuwasha. Pampu itanguruma. Hakikisha umesoma herufi za vituo hivyo kwenye mfuniko wake kabla hujachomeka. Ukiwa na tochi, mulika maungio yote mawili kwa dakika mbili nzima. Kisha bana taratibu hosi ya mpira ya kurudisha petroli, ikiwa imezungushiwa tambara, ili presha ipande kuliko kawaida. Kiungo dhaifu hujionyesha hapo.

Pakiwa pakavu, zima swichi, toa waya, rudisha pazia na tairi. Endesha, kisha kesho yake asubuhi ingiza mkono uzungushie karatasi laini kavu kwenye kila kiungo na uinuse. Ikiwa na harufu ya petroli upande wa banjo, kaza kidogo sana na upime tena. Ikiendelea, badilisha wosha zote mbili. Upande wa nati ya chini, legeza, futa mdomo wa paipu na ukaze upya. Usipake silikoni wala kuzungushia tepu ya uzi: hapo kinachoziba ni chuma kwa chuma, na vipande vya tepu huishia kwenye injekta.