Furushi la fanksheni: n inakaa wapi?

Kijana ninayemfundisha OCaml, lugha ya kuandikia programu, aliniletea mstari huu unaoongeza n kwa kila namba ya orodha:

let ongeza_wote n orodha = List.map (fun x -> x + n) orodha

"Mwalimu," akasema, "prosesa haijui fanksheni. Inajua anwani za kumbukumbu na rejista, yaani visanduku vyake vichache vya ndani, tu. Sasa hii fanksheni ndogo, fun x, ikishafika kwa List.map inayoitumia kwa kila kitu cha orodha, n yake inaisoma wapi?"

Nilifurahi sana, maana hapo ndipo penye kazi ngumu ya kompaila (programu inayotafsiri msimbo tunaoandika) ya lugha za kifanksheni, zinazoichukua fanksheni kama thamani nyingine yoyote. Katika lugha ya C, fanksheni ni anwani ya msimbo, basi. Huku inaweza kuzaliwa programu ikiwa inaendelea, ikarudishwa, ikawekwa ndani ya orodha. Fanksheni iliyoizaa huenda imeshamaliza kazi na nafasi yake kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya fanksheni zinazoendelea, imechukuliwa na nyingine, lakini mtoto bado anaihitaji n.

ocamlopt, kompaila ya OCaml inayotoa msimbo wa mashine, huifungia fanksheni furushi. Wataalamu huliita klosha. Msimbo ni uleule mmoja, umeandikwa mara moja ndani ya programu. Kinachozaliwa upya kila ongeza_wote inapoitwa ni kipande kidogo cha kumbukumbu: kwanza utangulizi unaomweleza mzoa taka (sehemu inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena) ukubwa na aina ya kipande, kisha anwani ya msimbo, kisha taarifa ya idadi ya hoja (thamani ambazo fanksheni hupewa), na mwisho n yenyewe. Sehemu nne za baiti 8, yaani baiti 32. Kuzipata ni rahisi: rejista moja hushika mahali nafasi huru ilipofikia, zinatolewa 32, na matokeo yanalinganishwa na mpaka. Mzoa taka haitwi mpaka huo usipovukwa.

List.map haijui imepewa fanksheni gani. Kwa kila x husoma anwani iliyo mwanzoni mwa furushi na kuiita, ikipeleka furushi lenyewe kama hoja ya ziada. Kwenye prosesa za x86-64, x hufika katika rejista rax na furushi katika rejista rbx. Mwili wote ni huu:

movq 16(%rbx), %rbx
leaq -1(%rax,%rbx), %rax
ret

Amri ya kwanza inafungua furushi na kutoa n. Ya pili inajumlisha, na ile -1 ina sababu yake: OCaml huhifadhi namba nzima k kama 2k+1, ili biti ya mwisho imwonyeshe mzoa taka kuwa hii ni namba, si anwani. Kwa hiyo 5 ni 11, na 7 ni 15. Jumla ni 26, toa 1, unabaki na 25, ambayo ndiyo 12. Amri moja tu! Miaka yote hii bado naiona nzuri.

Wengi hulalamikia zile baiti 32. Mimi naona gharama kubwa zaidi ni kuita kupitia furushi, kwa sababu kompaila haioni kilichomo na haiwezi kuunganisha msimbo wa pande mbili. Fanksheni ikijulikana, ocamlopt huiita moja kwa moja. Flambda, sehemu ya kompaila ya kuboresha msimbo iliyokuja na OCaml 4.03 mwaka 2016 kama nyongeza ya hiari, hujitahidi zaidi kuupandikiza mwili wa fanksheni pale inapoitwa, na mara nyingi furushi hutoweka kabisa. Na wito ukiwa ndio jambo la mwisho la kufanya, kwa kawaida hutolewa jmp (kuruka tu) badala ya call (kuruka na kuweka kwenye staki mahali pa kurudi), ndiyo maana kujirudia mara milioni kwa namna hiyo hakujazi staki.

Nilimwambia kijana aondoe n, aweke 5, kisha aendeshe ocamlopt -S asome faili la asembli, yaani amri za mashine zilizoandikwa kwa maneno. Furushi sasa halitengenezwi tena programu ikiwa inaendelea, kwa kuwa hakuna cha kubeba. Limewekwa tayari kwenye data ya programu. Na mwili umebaki mistari miwili:

addq $10, %rax
ret

Kumi, si tano. Alichukua kalamu, akaandika 2(x+5)+1, akaanza kufungua mabano.